Jioni Baba Aliposhika Eriali

Harufu ya risasi inayoyeyuka. Hapa Migori mjini, karibu na mahali ninaponunua mboga, kuna kijana anayetengeneza simu, na kila anapochomelea kitu, moshi ule mwembamba wenye uchungu hunijia moja kwa moja puani. Wengine huziba pua wakapita. Mimi husimama. Kijana mwenyewe ameshanizoea, nadhani anafikiri nina simu mbovu nyumbani ninayoona haya kuileta. Sijamwambia kwamba harufu hiyo hunirudisha Kendu Bay, kwenye alasiri moja ambayo nusura nimfungie baba yangu mzazi nje ya nyumba yake mwenyewe.

Nilikuwa na miaka tisa, na uhuru ulikuwa bado mchanga. Baba, aliyekuwa karani pale gatini, alikuwa amelazwa Kisumu kwa ugonjwa wa tumbo, wiki ya sita hiyo, na Mama alikuwa huko akimuuguza. Nyumbani tulibaki mimi na dani, yaani nyanya yangu, mama yake Baba. Dani alikuwa ameshazika watoto wawili wa kiume. Hakusema kwamba anaogopa kumzika wa tatu, lakini kila meli ya kutoka Kisumu ilipopiga honi, aliacha alichokishika, jembe au mwiko, akasimama kusikiliza mpaka honi ikome. Mimi nami nilisimama. Ndivyo tulivyoishi wiki sita zile, wacha niwaambie, na chakula hakikuwa na ladha.

Katikati ya hofu hiyo akaja baba mdogo, Ochieng, kitinda mimba wa dani. Alikuwa msafishaji katika chuo kimoja cha walimu Nairobi, na alipenda makuu kidogo, Mungu amrehemu. Alikuja na sanduku zito lililofungwa kwa blanketi. Ndani yake mlikuwa na kioo cha televisheni. Chuoni walikitumia kuwaangalia wanafunzi wakijifunza kufundisha chumba cha pili, kisha wakapata kipya, hiki wakampa yeye. Kilikuwa kizima kabisa, ila hakikutengenezwa kutafuta stesheni. Hakikuwa hata na kile kinobu cha kuzungusha. Ukikiwasha, kinawaka na kukukodolea jicho jeupe, basi.

Baba mdogo alikuwa amelifikiria jambo hilo. Kwa fundi mmoja Kisumu alipata televisheni nyingine iliyokuwa imekufa kioo, lakini viungo vyake vya kunasa stesheni vilikuwa hai. Moja ilisikia lakini imepofuka, nyingine inaona lakini haisikii. Alitaka kuziunganisha hizo mbili kwa waya mmoja, na waya mwingine kama huo uende nje hadi kwenye eriali, maana siku hizo picha zilikuwa zimeanza kurushwa kutoka Kisumu na sisi tulikuwa ng'ambo tu ya maji. Alinionyesha waya wenyewe, mweusi, mnene. Aliumenya kwa wembe. Katikati mlikuwa na uzi wa shaba, ukavikwa plastiki nyeupe, kisha plastiki ikazungushiwa nywele nyembamba za shaba zilizosukwa.

"Awuor, angalia vizuri," akaniambia. "Unywele mmoja tu wa hizi ukiugusa huu wa katikati, kwisha. Hatuoni kitu."

Alitaka yote yawe tayari kabla kaka yake hajatoka hospitali. Alisema mgonjwa hupona haraka akiwa na kitu cha kutazama. Nilimwamini, tena nilimwamini sana, na ndiyo maana nilifanya kila alichoniambia mbio mbio.

Siku yenyewe dani alikuwa ameshuka shamba la chini, karibu na mto. Baba mdogo alikuwa ameazima jenereta ndogo kwa mwenye baa, na chuma chake cha kuchomelea alikuwa akikipasha kwenye moto wa kuni nyuma ya nyumba. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha moto haufi. Eriali aliitengeneza kwa mabomba membamba, akaifunga kwenye fito ndefu. Ilibaki kuipandisha. Nyasi za paa zilikuwa zimechakaa, zisingemhimili mtu mzima, kwa hiyo akaegemeza ngazi akanipa kamba.

"Panda mpaka kileleni kabisa uifunge hapo. Ikae katikati," akasema, akarudi ndani kwa nyaya zake.

Nikapanda. Kileleni, katikati pale pale palipotakiwa fito, kulikuwa na kijiti kilichochongoka kilichosimama kikielekea juu. Nilikuwa nimekiona tangu kuzaliwa, jinsi mtu anavyoona mlango. Nikakitikisa, nikakivuta, kikatoka. Nikakitupa chini. Nikafunga fito pale na kushuka nikijiona fundi. Moto ulikuwa unafifia. Kijiti kilikuwa kikavu cha miaka mingi, kikanifaa sana, nikakisukuma motoni chini ya chuma cha baba mdogo.

Msiotoka kwetu, niwaeleze. Kijiti kile kinaitwa osuri. Mwenye nyumba akiwa hai, osuri yake husimama juu ya paa. Akifa, huondolewa. Mpita njia hana haja ya kuuliza, anaangalia paa tu, anajua nyumba hii ina mume au haina. Kila mtu mzima wa kwetu alijua hivyo. Mimi sikujua, kwa kuwa watu hawakai chini na mtoto wakaanza kumweleza mambo ya kifo cha baba yake.

Meli ilikuwa imepiga honi muda mrefu kabla, lakini jenereta ilinguruma, hatukuisikia. Baba mdogo alipoizima ili atafute kosa kwenye waya, nilisikia hatua njiani. Nikachungulia. Langoni, kwenye ua wa minyaa, walikuwa wamesimama watu wawili. Mama alikuwa na furushi kichwani. Kando yake alikuwa Baba, mwembamba, koti limemning'inia, lakini amesimama.

Nikakimbia kumlaki. Akanyoosha mkono, kiganja kikinielekea, nikasimama papo hapo kana kwamba nimegonga ukuta. Hakuwa akiniangalia. Alikuwa akiangalia paa. Mama naye aliangalia, na furushi likamdondoka, na sufuria ndogo ikatoka ikabingirika hadi miguuni pangu. Nikaona Baba anageuza uso akimnong'oneza Mama kitu.

Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Awuor. Nani ametoa osuri?"

"Ni mimi."

"Nani amekutuma?"

"Hakuna."

Sikujua kosa langu lakini nilijua ni kubwa, kwa vile hakunifokea. Na kabla sijasema lolote, dani akatokea kwa nyuma, kutoka shambani. Yeye aliliona paa kabla ya kutuona sisi. Jembe likamtoka mkononi, akashika kichwa kwa mikono miwili, akapiga kilio ambacho mpaka leo sitaki kukisikia tena. Alimlilia mwanawe kwa jina. Okelo, Okelo wangu.

"Mama, niko hapa," Baba akasema kutoka langoni. "Mama. Nimesimama kwa miguu yangu."

Dani akajiziba mdomo kwa kiganja. Akaja hadi karibu, akamtazama kuanzia viatu hadi kichwa, lakini hakumgusa. Hofu yake ilikuwa wazi hata kwangu: nyumba imeshatangaza kifo, kilio kimeshapigwa, na mtu akiingia hivyo, je, si ataingia kukitimiza?

"Usikanyage ndani," akamwambia. "Ngoja hapo hapo. Irudishwe kwanza. Hiyo hiyo, si nyingine. Iko wapi?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikatimka nyuma ya nyumba. Osuri ilikuwa inawaka upande mmoja, na chuma cha kuchomelea kiko juu yake. Nikaitoa kwa mkono mtupu. Nikaidumbukiza kwenye ndoo, ikafuka moshi, nami nikalia, sijui kama ni maumivu ya kiganja au ni ya kuona imebaki fupi hivi na ncha nyeusi. Baba mdogo alikuwa ameshatoka ndani. Alipoona nilichoshika, uso wote ulimpauka. Na yeye alijua, ila hakuwa ameinua macho kuangalia paa tangu asubuhi.

"Aliyeitoa ndiye atakayeirudisha," dani akasema.

Nikapanda tena. Kiganja kiliniwaka kwenye kila kipago cha ngazi. Nilifungua fito, nikaiteremsha eriali kwa kamba, nikaisukuma osuri ndani ya tundu lake. Ikaegemea. Nikaishindilia. Ikaegemea tena. Nilijua kwamba nikishindwa Baba atalala njiani kama mgeni asiye na mwenyeji. Mara ya tatu nilichomoa nyasi, nikazisokota, nikazikaza pembeni yake. Ikasimama. Fupi, imeungua, lakini wima.

Baba aliitazama muda mrefu. Halafu akaingia, akapita katikati ya ua, akaniwekea mkono kichwani nilipofika chini.

"Sasa naweza kunywa chai kwangu?" akauliza.

Dani alicheka na kulia kwa wakati mmoja. Baba mdogo alianza kukusanya nyaya zake kwa aibu, anataka kulirudisha sanduku Nairobi hiyo kesho yake. Baba akamkataza.

"Umekibeba kioo safari yote hiyo, kisha ukibebe kurudi? Unganisha."

"Lakini eriali itakaa wapi, kaka? Paani haiendi tena."

"Nitaishika mimi."

Tukadhani ni mzaha. Alipomaliza chai alitoka, akapanda juu ya kinu kilichopinduliwa, akaisimamisha fito mbele yake na kuikumbatia. Jenereta ikanguruma. Jua lilikuwa limeshazama na matangazo yameanza. Kioo kilijaa chenga tupu. Baba mdogo alitoa jasho juu ya ule waya mpaka akauona unywele mmoja wa shaba, mmoja tu, umelala juu ya uzi wa katikati. Akauondoa kwa ukucha. Pakatokea mwanamume mwenye tai, midomo ikicheza kwenye sanduku hili na sauti ikitokea kwenye lile. Majirani walioletwa na kilio cha dani walikuwa wamejaa chumbani, na sasa walikuwa wakicheka.

"Mnaona?" Baba akauliza kutoka nje.

"Tunaona!"

Akaiegemeza fito ukutani ili aje. Yule mtu akatoweka, chenga zikarudi. Watu wakaguna. Baba akaishika tena, mtu akarudi. Ilibidi ishikwe na mtu, tena hapo hapo, mikono hiyo hiyo. Mama alitoka mara mbili kumpokea, Baba akakataa. Mara ya tatu hakumwomba, alisimama tu kando yake akaweka mkono wake chini ya wa kwake, na mimi nikakasirika kwa sababu picha ilitikisika. Baba aliendelea kuuliza. Ana tai ya namna gani? Nani amecheka hivyo, ni mama yangu? Ochieng amekaa wapi? Nikamjibu yote, nikiudhika kidogo, kwa kuwa nilikuwa nakosa kuona. Hakuingia mpaka matangazo yalipokwisha. Picha yenyewe hakuiona hata dakika moja.

Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki nikiwachekesha watu, jinsi nilivyomuua baba kwa alasiri moja nikamfufua. Mama alinisikia nikisimulia hivyo siku moja, mimi mwenyewe nikiwa na watoto, akaniita jikoni. Akaniambia kwamba kule Kisumu madaktari walimpasua Baba, wakaangalia, wakamshona tena, wakasema arudi tu nyumbani. Melini alikuwa akipanga namna ya kumwambia dani. Na nilichomwona akinong'ona pale langoni kilikuwa hiki: "Hata nyumba imeshajua." Baba hakuyafikia mavuno ya mwaka uliofuata.

Nilidhani alikuwa anatushikia picha. Kumbe alikuwa nje, gizani, akisikiliza nyumba yake itakavyokuwa na watu wote ndani, wanacheka, yeye akiwa hayupo. Ndiyo maana aliuliza nani anacheka na nani amekaa wapi. Na mimi niliyekaa mbele kabisa, karibu na kioo kuliko wote, ndiye niliyemjibu kwa sauti ya juu kuliko wote: tunaona vizuri, Baba, wewe baki huko huko.