Majina Niliyoyasoma Kilimani

Kama unadhani ni jua la saa nane lililonichanganya, muulize Shabani wa bodaboda, anaegesha pale stendi ya Ihanja mpaka leo. Mimi niliona, yeye alisikia. Wote wawili hatunywi pombe, na hakuna kati yetu anayependa kuyaeleza haya.

Mimi ni mwalimu wa Historia, sekondari. Tulikuwa tunaandaa ziara ya Kidato cha Pili kwenda kwenye kilima ambako wazee wetu walipigana na Wajerumani, mpakani mwa nchi ya Wanyaturu. Jina la kilima naomba nisilitaje. Siku hizi kuna uzio wa waya, mnara mdogo wa saruji na ubao wa maelezo. Mkuu wa shule akaniambia, "Mwalimu, tangulia ukakague. Choo kipo? Maji yapo? Basi litageuzia wapi?"

Shabani akanipeleka, akabaki chini na pikipiki yake. Nikapanda peke yangu, nikaandika: choo kibovu, kivuli hakuna. Nilipogeuka kutoka kwenye mnara, mzee alikuwa amekaa juu ya jiwe, amejifunga kaniki iliyopauka, miguu mitupu. Nikadhani ni mlinzi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba." Kisha akaendelea kwa Kinyaturu, kile kizito cha zamani ambacho mara ya mwisho nilikisikia kwa bibi yangu. "Unaleta wangapi?"

"Arobaini."

"Wana umri gani?"

"Kumi na nne, kumi na tano."

Akanitazama sana. "Mama zao wanajua?"

Nikacheka kidogo. Nikamwambia wazazi wametia saini, watoto watakuja asubuhi na jioni watarudi.

"Na mimi nilisema hivyo hivyo, jioni tutarudi. Mama alimshika mwanangu mkono, nikamnyang'anya. Binti yangu, usilete watoto hapa."

Niamini, hata hapo sikuogopa. Nilimwona ni mzee ambaye akili imechoka. Nikatoa orodha ya darasa kwenye mkoba ili nimtulize, aone ni wanafunzi tu. "Nisomee," akasema. Nikasoma kwa sauti kubwa, maana alikuwa ametega sikio kama mtu asiyesikia vizuri. Nilipofika kwa Yusufu Ntandu, akaweka kiganja juu ya karatasi, kikanigusa vidole. Kilikuwa cha baridi. Jua kali vile, halafu baridi! Ungefanyaje wewe?

"Huyu muache nyumbani."

Nikainamisha macho nilitazame lile jina. Nilipoyainua, jiwe lilikuwa tupu. Kule juu hakuna kichaka, hakuna pa kujificha. Angekwenda wapi?

Nilishuka nikijikwaa. Shabani nilimkuta amesimama, ufunguo mkononi, jasho linamtoka.

"Mwalimu, wale wanafunzi wamepita njia gani?"

"Wanafunzi gani?"

"Si ulikuwa unaita majina? Nimewasikia wakiitika, mmoja mmoja, kwa Kinyaturu. Mpaka ulipoacha kusoma."

Mimi sikuwa nimesikia sauti yoyote zaidi ya yangu na ya yule mzee.

Jioni hiyo hiyo nilikwenda kwa akina Yusufu. Bibi yake alikuwa uani anapepeta mtama. Nilipomweleza hakushangaa, aliweka tu ungo chini. Akasema Ntandu ni jina la kijana wa ukoo wao aliyeuawa kilimani pale pamoja na vijana wenzake. Baba yake ndiye aliyemchukua vitani kwa nguvu. Vita vilipokwisha, mzee hakurudi kwake, alikaa kule kule akimwita mwanawe mpaka naye akafa.

"Hao wengine nenda nao," bibi akasema. "Huyu wangu habanduki hapa."

Mkuu wa shule hakutaka kusikia habari za kuahirisha. Tukaenda na watoto thelathini na tisa. Wakauona mnara, wakasoma ubao, wakala maandazi yao, nami nikaanza kupumua. Tulipokwisha kushuka, mwenzangu wa Jiografia akaona kama mmoja amebaki nyuma, akapaza sauti: "Daudi!"

Daudi alikuwa ubavuni mwangu, ameinama, anafunga kamba ya kiatu. Kabla hajafungua mdomo, sauti ya mvulana iliitika kutoka juu kilimani. Tuliisikia wote.

Daudi ni mzima, lakini tangu siku ile haitiki mpaka amwone kwa macho anayemwita. Hata mama yake humfuata alipo. Na mimi siiti tena majina darasani. Napitisha karatasi, kila mmoja anaandika lake. Wakubwa wamewahi kuniuliza kwa nini, nikasema nina tatizo la koo.

Kwa hiyo wewe unayepanga kwenda, nenda. Wale wazee wanastahili kukumbukwa. Vaa viatu vya kufunga, beba maji ya kutosha. Lakini mwenzako akibaki nyuma, rudi umfuate, umguse bega. Usimwite. Kule kuna watoto ambao wamengoja miaka mingi kuitwa warudi nyumbani, na sasa hawachagui tena ni jina la nani.