Kaka Alimtengenezea Mama Nyumba ya Fahari, Mama Anaomba Kurudi Kwake

Salamu kwenu nyote wa page hii. Niko mwanamke wa miaka 39, nimeolewa Kabambare, mimi na bwana yangu tunalima mihogo na karanga, na Mungu ametupa watoto wanne. Lakini nilizaliwa Kasongo, mu nyumba ya zamani yenye etaje, yaani ghorofa, karibu na soko. Watu wa Kasongo wataitambua tu, basi Admini, jina langu na la kaka yangu usiyatoe. Ninaandika nikiwa nimekaa kwenye ngazi za nyumba hiyo, sababu mule ndani siwezi kulia.

Nyumba aliijenga babu ya baba yetu, alikuwa mfanyabiashara. Chini duka, juu ghala ya chumvi na vitambaa, na nyuma ya ghala vyumba vidogo ambamo tulizaliwa sote. Kuta nene za udongo, mbao nyeusi za dari, popo kila mahali. Baba alifia humo. Mama akabaki peke yake, macho yakapungua polepole mpaka giza likafunga kabisa. Lakini ungemuona mu nyumba ile usingejua kama haoni. Alikuwa anapitisha mkono ukutani, anatoka chumbani, anashuka, anawasha mbabula ya makaa, anapika bugali na sombe ya majani ya mihogo mwenyewe. Mtu akitaka kumsaidia, anamwambia, "Kaa chini, wewe ndiye mugeni."

Kaka yangu anafanya biashara Bukavu, na Mungu amemfungulia. Nisiseme uongo: anampenda Mama sana. Mwaka jana alisema, "Haiwezekani mama yangu alale na popo, na mimi niko nalala muzuri." Akaleta mafundi. Mama akaja kukaa kwangu Kabambare mpaka kazi iishe, na kila asubuhi aliuliza, "Wamemaliza?" kama mtoto anayengoja Idi.

Siku ya kurudi tulimkalisha kwenye pikipiki, yeye katikati, mimi nyuma namshika, na barabara yetu mnaijua. Tukakuta kaka ameita jamaa na majirani, pilau na soda tele. Jamani, ilikuwa nzuri! Kule juu walivunja kuta zote, ghala na vyumba vikawa chumba kimoja kikubwa: jiko huku, saloni ya wageni pale, kitanda kule mbali, bila kizuizi. Sakafuni karo, yaani vigae, zinang'aa kama maji. Mbao za babu zimepakwa verni ya kuzing'arisha. Umeme wa jua, dushi ya maji moto, madirisha ya vioo vinene toka chini hadi juu. Watu walizunguka wanapiga picha, wanamwombea kaka baraka.

Kaka akamshika Mama mkono. "Mama, karibu kwako."

Mama akanyoosha mkono wa kulia, kama alivyozoea. Hakugusa kitu. Akanyoosha wa kushoto. "Ukuta iko wapi?"

Kaka akacheka kwa furaha. "Tulitoa zote, Mama! Sasa iko wazi, sawa nyumba za Ulaya."

Mama akatabasamu, akawaombea mafundi dua. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa karibu yake, niliona vidole vyake bado vinatafuta ukuta.

Kaka akarudi Bukavu, nami kwangu. Aliyebaki na Mama ni jirani mmoja, mwanamke mwema, anakuja asubuhi na jioni. Juzi akanipigia: Mama ameteleza, ameanguka. Nilipofika nilimkuta kwenye kiti, kanga imelowa. Hakuweza kufika chooni, na aliona haya kuita. Jirani akaniambia kwamba sasa hapiki, hatembei, anakaa tu hapo alipokalishwa. Soko hasikii, vioo vimezuia. Hata adhana haisikii, anamuuliza jirani kama saa ya swala imefika. Mama yangu, ambaye alikuwa anaamsha mtaa mzima!

Nilipomwosha, akanishika mkono. "Mwanangu, nirudishe nyumbani."

"Mama, uko nyumbani."

"Usinidanganye. Hapa ni kwa watu. Mimi nataka kwangu, pale baba yako alinifia."

Pale Baba alipofia leo ni katikati ya saloni, kuna meza ya kioo.

Nikampigia kaka, nikamwambia kwa upole kwamba Mama anapotea mule ndani, pengine tumwekee hata ukuta mmoja, au nimchukue kwangu. Kaka akapaza sauti: "Sema tu uko na wivu, sababu wewe unalala mu nyumba ya udongo! Ukimutoa Mama pale, watu watasema nilimufukuza. Siku hiyo usiniite kaka tena." Halafu nikasikia analia. "Nilifanya kwa ajili yake, dada. Yote kwa ajili yake."

Mama alikuwa amesikia. Akaomba simu. "Mutoto wangu, usisikilize maneno. Nyumba iko muzuri sana. Niko nakaa kama malkia." Akaongea naye hadi kaka akacheka. Akanirudishia simu, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Ametulia?" Kisha akaniapisha nisimwambie kaka tena, sababu atavunjika moyo.

Kesho lazima nirudi Kabambare, bwana yangu ni mgonjwa na watoto wananingoja. Leo asubuhi Mama alinisikia nafunga mizigo. Akasimama mwenyewe, akavaa viatu, akafunga kitambaa kichwani, akaja hatua kwa hatua mikono mbele, akifuata sauti yangu. Akasema, "Niko tayari. Mukipita karibu na kwangu, munishushe."

Ndugu zangu, nikimchukua nampoteza kaka, nikimwacha nampoteza Mama. Ninyi mungefanyaje? Nishaurini kabla pikipiki haijafika.