Jani la Mgomba Kwenye Mfarishi Wetu

Naomba mnisamehe kwanza kwa mwandiko huu. Niliishia darasa la saba, na mkono wangu umezoea chaki ya fundi kuliko kalamu. Herufi zangu zinalala upande kama mahindi yaliyopigwa na upepo, na pengine nitakosea maneno. Mkikwama mahali, rudini nyuma kidogo mtanielewa. Ninaandika polepole, na mke wangu, Mama Neema, yuko hapa ananisubiri nimalize aone nimemsemaje.

Ninaandika kwa ajili ya vijana wa karakana yetu ya Kibosho. Nimesikia wanawaambia wageni kwamba lile jani la mgomba tunaloshona kwenye kila mfarishi lina maana ya baraka ya mlima. Ni maneno mazuri. Ila jani lile nililikata mimi, na sikuwa nafikiria baraka.

Nilianza kazi ya kushona Majengo, mjini Moshi, nikiwa kijana mwenye haya sana. Mtu akinitazama nilikuwa natazama viatu vyake. Siku ya kwanza nilitoka nyumbani alfajiri, nikamkatia mama ndizi, nikateremka mjini. Fundi Mkuu alikuwa mzee mnene aliyevaa kofia ya kufuma, futi kamba shingoni kutwa nzima.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Lete mikono nione."

Nikanyoosha mikono. Vidole vilikuwa na utomvu mweusi wa ndizi.

"Wee mtoto wa mgombani! Unataka kushika kanzu ya sheikh na mikono hiyo? Sikiliza. Damu hutoka kwa maji baridi. Mafuta hutoka kwa sabuni. Utomvu wa ndizi hautoki mpaka nguo ichakae. Nenda kanawe, na leo utafagia tu."

Siku hiyo nilifagia. Hilo ndilo somo langu la kwanza katika kazi, na ndilo nililokuja kulisahau siku niliyolihitaji.

Kwa Fundi Mkuu nilikaa miaka mingi. Nilijifunza kukata kabla ya kushona, maana yeye alisema mshono mbaya unafumuliwa lakini mkasi haurudi nyuma. Baadaye alinipeleka Sanya Juu, kwenye duka la mdogo wake karibu na soko, nikawa nakata sare za shule. Huko ndiko nilikomwoa Mama Neema. Alikuwa mshonaji wa mkono, na maneno hayakumpiga chenga hata siku moja. Watu walisema Mungu alichukua sauti ya watu wawili, akampa mmoja.

Neema alipoanza shule tulirudi kwetu Kibosho. Kulikuwa na karakana ya akina mama katika chumba cha kigango cha kanisa, wanashona mifarishi. Mfarishi, kwa asiyeujua, ni tandiko la kitanda lenye matabaka matatu. Juu ni vipande vya vitambaa vilivyoungwa, katikati ni pamba, chini ni bitana. Kwanza unapiga bandi, yaani mishono mirefu ya kushikilia tu, halafu unashona mishono midogo midogo kupita matabaka yote, kisha unafumua bandi. Mama Neema alichukuliwa kuwa mshonaji. Mimi nilichukuliwa kuwa mkataji, mwanaume peke yangu kati ya wanawake kumi na wanane.

Bosi wetu alikuwa Mama Msimamizi, mwanamke mfupi mwenye miguu inayouma na macho yasiyopitwa na kitu. Siku niliyoingia alinipa mkasi akasema, "Hapa kuna sheria moja. Ukikosea, useme kabla hujaulizwa. Sisi hatufichi kosa chini ya bitana."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Huyu anaongea?" akamuuliza mke wangu.

"Anaongea Krismasi," Mama Neema akajibu, na chumba kizima kikacheka. Tangu hapo waliniita Bwana Krismasi.

Sasa nifike kwenye safari ya Nairobi. Mwaka ule Paroko wetu alikuwa anakihitaji kile chumba kwa ajili ya chekechea. Hakuwa mtu mbaya. Wateja wetu walikuwa wamepungua, na watoto walikuwa wanasomea nje. Alimwambia Mama Msimamizi kwamba tukipata kazi ya kueleweka tutabaki, tusipopata tufungashe mwisho wa mwezi. Ikatokea tumealikwa kwenye maonyesho ya mifarishi Nairobi, yenye zawadi. Karakana ilishona mmoja mkubwa, mweupe katikati, pindo la kijani, na Mlima umeshonwa kwa uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, hata lazima uusogelee kuuona. Mama Neema peke yake ndiye aliyeushona huo Mlima.

Mama Msimamizi hakuweza kukaa kwenye basi saa nyingi. Alituita wawili.

"Mnaenda na chumba hiki mkononi," akasema. "Mama Neema ataongea. Wewe utabeba."

Tungefikia kwa shangazi wa Mama Neema, ambaye amekaa Nairobi tangu ujana. Sasa ninyi mnajua, kwetu huendi kwa shangazi mikono mitupu. Nilitaka kumpelekea mshare, ndizi zetu za kupika.

"Nairobi kuna ndizi," Mama Neema alisema.

"Si hizi."

"Baba Neema, nimesema hapana. Tunaenda kazini."

Nikanyamaza, na kunyamaza kwangu huwa si kukubali. Asubuhi ya safari, yeye akioga, nilichukua chane mbili nikazifunga kwa gazeti na mfuko. Begi la nguo alilipanga yeye, angeziona. Nikazitia kwenye begi la mfarishi, chini kabisa. Hazikuenea, kwa hiyo nikafanya kama mkataji. Nikachukua kisu, nikapunguza kikonyo.

Kikonyo kibichi, kimekatwa sasa hivi, na mimi niliyefagia siku nzima Majengo kwa sababu hiyohiyo.

Tulifika kwa shangazi mchana. Mama Neema akakunjua mfarishi kitandani. Katikati ya weupe, chini kidogo ya Mlima, palikuwa na doa la kahawia lenye ukubwa wa kiganja.

"Mae!" akasema. Halafu hakusema tena. Katika ndoa yetu yote sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa kimya kile.

Shangazi alileta ndimu, chumvi, sabuni. Nikamwambia aache. Tungesugua tungeharibu na mishono ya Mlima. Doa lile lilikuwa la kudumu, na kesho saa sita mfarishi ulitakiwa mezani kwenye maonyesho.

"Tufunike," Mama Neema akasema hatimaye. "Kwa kitambaa gani? Kijani chochote cha dukani kitaonekana kiraka."

Nilikuwa nimevaa shati jipya la kijani. Nililishona kwa ajili ya safari, kutoka jora lilelile la pindo. Nikalivua, nikalitandaza mezani, nikachora kwa chaki kitu nilichokifahamu kuliko vyote, jani la mgomba, na uti wake katikati. Nikalikata kutoka mgongoni mwa shati. Mama Neema, kwa hasira, aliisukuma sindano upande wangu. Kwa hiyo nilishona mimi, barazani, mpaka jua likazama. Mishono yangu si midogo kama yake.

Kesho yake tulikabidhi mfarishi, kisha shangazi akatutembeza mji. Tulipanda ghorofa refu la duara, tukaona treni za zamani, tukaenda kutazama twiga ambao wanasimama porini na nyuma yao maghorofa. Jua lilikuwa kali, na mimi nimevaa koti zito kutwa, maana sikuwa na shati lingine la heshima, na lile halikuwa na mgongo.

"Vua koti upate hewa, mwanangu," shangazi akasema.

"Niko sawa."

"Mwache, shangazi," Mama Neema akasema. "Anaiva. Ndizi huwa zinafunikwa ziive." Ndipo nikajua ameanza kunisamehe.

Jumamosi wakaja waamuzi. Mwamuzi Mkuu alikuwa mama mwenye miwani inayoning'inia kwenye uzi. Alipita juu ya mfarishi wetu kwa vidole, polepole, akaukuta Mlima akatabasamu. Kisha akafika kwenye jani.

"Hapa pameshonwa na mkono mwingine," akasema. "Kwa nini?"

Watu walikuwa wengi. Mama Neema akavuta pumzi ajibu, nami nilijua angejibu vizuri, angesema ni urembo na wangeamini. Nikamshika mkono.

"Ni mimi, mama," nikasema. "Chini ya jani kuna doa. Niliweka ndizi za shangazi kwenye begi, mke wangu alinikataza. Huyu hana kosa. Mlima ni wake. Jani ni shati langu."

"Shati liko wapi?"

"Nimelivaa."

Sikujua namna nyingine ya kueleza. Nikavua koti, nikageuka.

Walicheka mpaka kiti kikaanguka mahali. Mwamuzi Mkuu aliiachia miwani ining'inie, akafuta machozi. Zawadi hatukupata, akasema doa ni doa. Lakini mama mmoja mwenye nyumba ya wageni alimfuata Mama Neema akaagiza mifarishi kwa vyumba vyake vyote. "Yenye jani," akasema, "ila bila ndizi ndani." Na ule wenyewe ukanunuliwa na mgeni ambaye hata jina hatukuuliza.

Tuliporudi nilimweleza Mama Msimamizi kabla hajauliza. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nilikuajiri kukata," akasema. "Kufunga mizigo nani alikupa?" Halafu akamwita Paroko kuja kusoma ile oda. Chumba kilibaki chetu, na chekechea ikajengewa upande wa pili wa ua.

Sasa nimestaafu. Macho hayaoni tena mstari wa chaki. Mama Msimamizi ametangulia mbele ya haki, na vijana wanakata majani mazuri kuliko langu. Endeleeni kuyashona. Ila mgeni akiuliza, mwambieni ukweli, hata kama atacheka.

Na wewe ambaye mfarishi ule uko kwako, popote ulipo, nakuomba uniandikie kupitia karakana, hata mistari miwili. Utautambua, una jani moja lenye mishono mikubwa. Tazama jani lile kwenye mwanga, uniambie kama doa limetokeza. Mama Neema anasema lazima limetokeza. Mimi nasema bado.