Fundi Aliyeniambia Niwashe

Ucheke usicheke, mimi ndiye niliyeshika ule ufunguo, na nitakueleza vile ilivyokuwa.

Nilikuwa dereva wa lori, nikipeleka chumvi Kampala. Nililala kwenye foleni ya Malaba, upande wetu wa Kenya. Kulipokucha kulikuwa na manyunyu na ukungu, na lori likanifanyia ile tabia yake: likipoa, haliwaki. Stata inazunguka vizuri, injini inakohoa, halafu kimya. Foleni mbele ikasogea. Nyuma yangu, honi.

Mtu akagonga mlango. Mzee mwembamba, ovaroli ya buluu, spana mkononi.

"Linasumbua asubuhi tu?"

"Asubuhi tu, fundi. Likishapata moto halina shida."

"Zungusha nisikie."

Nikazungusha. Akasikiliza, macho amefumba.

"Betri ni nzima. Usiku dizeli inarudi kwenye tangi, hewa inaingia kwenye bomba. Kuna nati imelegea. Naingia chini. Lakini boss, usiguse ufunguo mpaka unione nimesimama hapa. Umesikia?"

"Nimesikia, mzee."

Breki yangu ya mkono ilikuwa imechoka, basi nikaingiza gia ili lori lisimsogelee. Nikasikia spana ikigonga chuma. Kisha sauti yake, kutoka chini kabisa:

"Washa, boss."

Nikatazama mlangoni. Hakuna mtu.

"Umetoka, fundi?"

"Washa!"

Honi zilikuwa zimezidi, na ile gia nilikuwa nimeisahau. Nisikudanganye, vidole vyangu vilishashika ufunguo. Si mwenyewe amesema? Lakini ile mara ya pili sauti ilikuwa kama ya mtu anayelia. Nikaogopa, nikashuka.

Chini ya lori hapakuwa na mtu. Ardhi ilikuwa kavu, haina hata alama ya kiatu. Nikazunguka mbele. Pale karibu na bampa, mahali usipoweza kuona ukiwa juu, mama mmoja muuza chai alikuwa amechutama akiwasha jiko.

Ndipo nikaikumbuka ile gia. Ningewasha, lingemrukia.

"Ulikuwa unaongea na nani, dereva?" akaniuliza.

Nikamweleza habari za yule mzee, ovaroli yake, maneno yake. Akaweka chini kipande cha katoni alichokuwa akipepea nacho moto.

"Huyo ni mume wangu," akasema. "Alifia kwenye foleni hii. Alikuwa chini ya lori, mtu akapaza sauti 'washa', dereva akawasha. Lilikuwa kwenye gia." Akaokota tena ile katoni. "Alisema washa mara ngapi?"

"Mbili, mama."

Akainua jiko lake, akasogea kando, nami nikapanda nikatoa gia.

Lori liliwaka mara moja, na tangu siku hiyo halikusumbua tena hata kwenye baridi. Amini usiamini, nati ilikuwa imekazwa. Mimi ndiye niliyeharibika. Niliacha kazi ya lori, na mpaka leo sijui: mzee alikuja kumlinda mkewe, au alikuja kumchukua?

Mama mwenyewe nadhani ameshaamua. Safari yangu ya mwisho nilimkuta pale pale. Madereva waliniambia siku hizi hauzi chai kando ya barabara. Kila kukicha anatafuta lori linalokataa kuwaka, anaweka jiko mbele ya bampa, anakaa akisikiliza.

Kwa hivyo ukiwa Malaba asubuhi, na injini imepoa, na mtu akakuambia washa, shuka kwanza. Zunguka mbele. Walio nyuma waache wapige honi mpaka wachoke.