Mchanga Kaburini mwa Baba

Kazi yangu ni kuchimba mashimo kando ya ziwa na kusoma udongo. Ukikuta mchanga mweupe na makombe ya konokono wa majini mahali pakavu, na chini yake nyufa za zamani zilizojaa mchanga, ujue ardhi ilitikisika na ziwa likapanda. Nilikuwa nafurahi kweli nikiyaona hayo, mpaka siku tuliyomchimbia baba kaburi.

Nilifika nyumbani, upande wa Magu, majirani wakiwa shimoni hadi kiunoni. Nikachungulia. Loo! Makombe yale yale, mstari mzima ukutani mwa kaburi, hatua chache tu kutoka mlango wa nyuma wa mama.

"Baba mdogo, hapa hapana," nikamwambia mdogo wake marehemu. "Ziwa lilifika hapa. Likirudi litamfukua."

"Litarudi lini?"

"Hakuna anayejua."

"Sasa unatusumbua nini?"

Nikabishana naye mbele ya waombolezaji wote, maana mimi nikishapandisha mori sishuki, mpaka akachoka. Kaburi jipya likachimbwa kule juu mlimani, kati ya mawe, watu wananung'unika jasho likiwatoka. Lile la kwanza halikuweza kufukiwa hivi hivi. Kwetu kaburi likishachimbwa, kufukiwa tupu ni kuita msiba mwingine. Wakakata mgomba, wakauvika shuka, wakauzika. Mama alikuwa anaangalia tu.

Matanga yalipokwisha nikamwambia, "Mama, funga mizigo twende kwangu Mkolani. Maji yakija hapa utakimbilia wapi?"

"Siendi."

"Mama, nimeyaona kwa macho yangu!"

"Na mimi magoti yangu nayajua. Kule juu hayanifikishi. Nilitegemea kila asubuhi nifungue mlango, nimsalimie mwenzangu, basi."

Nilikasirika, nikalia, nikaondoka bila kuaga vizuri.

Mpaka leo yuko pale. Mvua ikinyesha silali. Juzi nilikwenda kumbembeleza tena, nikamkuta nyuma ya nyumba anafagia lile kaburi la mgomba, analisimulia habari za mbuzi wa jirani.

"Mama," nikasema taratibu, "baba hayupo hapo."

Hakuinua kichwa, wala hakuacha kufagia.

"Najua, mwanangu. Si wewe uliyemtoa?"