Maji Yalikuwa Pale Mezani

Naandika kwa sababu nikiongea watu huitikia tu, ndiyo mama, ndiyo mama, vile mtu humwitikia mlevi ili apite aende zake. Neno huondoka kichwani likiwa zima, likifika mdomoni linavunjika. Kwa kalamu nina nafuu, ingawa mkono nao hutetemeka na shule niliiachia darasa la tano. Atakayeona herufi zimelala anisamehe. Hawa nitakaowataja humu mimi sijawasamehe. Majina yao siyaandiki, wanajijua.

Nilizaliwa upande wa Meru nikaolewa Kianjokoma, kwenye chai na baridi. Kazi yangu ilikuwa kuchuna. Majirani walikuwa wanasema mikono yangu ina haraka ya kuku anayedonoa, nami nilikuwa napenda kusikia hivyo. Kikapu kikijaa nakimwaga naanza kingine, umande ukiwa bado juu ya majani. Halafu moyo ukachoka. Miguu ikafura mpaka viatu vya mpira vikakataa kuingia, na nikawa napumua kama mtu aliyekimbia kilima, hata nikiwa nimekaa jikoni naangalia githeri ikiiva.

Nikalazwa hospitali moja mjini Embu. Walipopima damu wakasema chumvi imepungua sana. Daktari wetu, mtu wa suti nzuri na haraka nyingi, alituambia hivi: "Chumvi yake haijaisha. Imezamishwa na maji. Ni kama mchuzi uliomwagiwa maji mengi." Kwa hiyo nikapunguziwa maji. Kikombe asubuhi, kikombe jioni, basi.

Kwetu mgonjwa haachiwi manesi. Nyumba humtuma mtu akae kando ya kitanda, na huyo ndiye huwa mdomo wa mgonjwa. Daktari akiuliza, anajibu yeye. Wageni wakifika, wanamuuliza yeye mgonjwa ameamkaje, na mgonjwa amelala pale pale anawatazama. Mimi niliwekewa dada ya mume wangu, anayeuza ndizi sokoni Karurumo. Sauti yake inasikika soko zima, na ndugu yake humwogopa tangu utotoni. Alifunga biashara akaja. Hilo silifichi, alikuja. Na katika yale yote aliyosema daktari, yeye alishika mawili: chumvi imepungua, na huyu asipewe maji.

Lazima niseme pia vile nilivyokuwa wiki hizo, maana kila kitu kilitoka hapo. Chumvi ikipungua kwa damu, kichwa kinapotea njia. Niliona mbuzi wakiingia wodini nikapiga kelele wafukuzwe wasile chai yangu. Mume wangu nilimwita baba, na baba yangu alikufa zamani. Siku moja nilikunywa maji ya beseni ambayo mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa amenawia uso. Wodi nzima ilicheka. Wifi yangu aliisimulia hiyo ya beseni kwa kila mgeni aliyekuja, huku akifuta machozi ya kicheko.

Ijumaa moja asubuhi daktari akaja na dawa mpya. Wifi alikuwa ameenda kwa rafiki yake hapo mjini kuchemsha supu. Dawa ilikuwa kidonge kimoja kidogo cha buluu, na nilishangaa kitu kidogo hivyo kuja na masharti mengi hivyo. "Hii itatoa maji kwa mkojo na kuiacha chumvi," alisema. "Sasa yale ya kunyimwa maji yameisha, mama. Kuanzia leo ukisikia kiu unakunywa. Usingoje. Na damu itatolewa mchana, itolewe tena jioni, tuone chumvi haipandi mbio." Sista wa zamu ya asubuhi alikuwa amesimama hapo akiitikia kwa kichwa. Kisha daktari akaangalia saa, akaondoka. Kila mtu pale alijua Ijumaa yeye huenda kwenye kliniki yake mwenyewe. Sista akanipa kidonge. Zamu yake ilipokwisha akavaa sweta yake akaenda. Aliyempokea hakuambiwa neno, au aliambiwa akasahau. Wote wawili walikula kiapo baadaye, mmoja kwamba alisema, mwingine kwamba hakuambiwa.

Dawa hiyo ilifanya kazi, siisingizii. Mkojo ulitoka kupitia ule mpira waliokuwa wameniwekea, mfuko ukajaa, ukamwagwa, ukajaa tena. Na kichwa changu kikafunguka. Niliangalia dirishani nikauona Mlima, nikajua ni Mlima. Nikajua ni Ijumaa. Nikakumbuka ni nani aliachiwa ng'ombe. Pamoja na akili ikaja kiu. Sijui niiandikeje. Ulimi ulikuwa umekauka ukashikamana na meno, na hata mate ya kumeza sikuwa nayo.

Wifi akarudi na supu ya kichwa cha mbuzi kwenye thermos, na nyuma yake wamama wa kanisa kutoka nyumbani. Habari ya chumvi ilikuwa imefika kanisani. Mmoja alikuwa ameleta chumvi kidogo ndani ya karatasi, akaifungua akaimimina kwenye supu mbele yangu, kwa upendo kabisa.

"Naomba maji," nikasema.

"Ameanza," wifi akawaambia wamama. "Kunywa supu."

"Daktari alikuja ukiwa nje. Amenipa dawa mpya. Amesema nikisikia kiu ninywe."

Wifi akageuka polepole, mkono kiunoni. "Mmesikia? Leo ni daktari. Juzi walikuwa mbuzi."

Wakacheka. Mmoja akauliza, "Kwani hao mbuzi walikuja na daktari wao?" Wakacheka tena, wakishikana mabega.

"Akili yangu imerudi," nikasema. "Niulize kitu chochote. Leo ni Ijumaa. Wewe umevaa kitambaa cha kijani. Muulizeni sista."

Wifi alimwita sista, ukweli usemwe. Sista wa jioni akaja mbio mbio na sindano ya mtu mwingine mkononi. "Huyu si ndiye wa kunyimwa maji? Mimi sijaambiwa kingine."

"Angalia faili," nikamwambia.

"Mama, tulia. Niko peke yangu na wodi nzima." Akaenda.

Wifi akaniinamia. "Umeona? Mpaka sista unataka kumdanganya. Wewe mama, ni beseni tena unatafuta?" Akanishika kidevu akaninywesha supu, kijiko baada ya kijiko. Nilimeza kwa sababu ilikuwa na umaji umaji, na kila kijiko kilizidisha moto.

Mume wangu alifika jua likielekea kuzama, kofia mkononi. Nilimwita kwa jina lake kamili, lile la ubatizo na la ukoo, ili aone. Nikamwambia kila kitu, taratibu. Aliniangalia machoni. Najua alijua. Tumelala kitanda kimoja miaka mingi, anajua nikiwa nipo na nikiwa sipo. Alichukua jagi la mgonjwa wa kitanda cha pili akamimina kikombe, kikajaa.

"Unataka kumuua?" dada yake akasema. "Mimi nimekaa hapa nikilala kwenye kiti, wewe uko na ng'ombe. Leo ndio unajua dawa? Mpe basi. Mpe, halafu utawaeleza watu wa kanisa."

Mume wangu akasimama na kile kikombe. Kisha akakiweka mezani, upande ambao mkono wangu haufiki. "Vumilia kidogo," akaniambia. "Tungoje daktari." Nilijaribu kuamka. Wifi akalivuta blanketi akalichomeka chini ya godoro kotekote, vile unavyomfunga mtoto asianguke.

Damu ya mchana haikutolewa. Ya jioni pia haikutolewa. Mtu wa maabara alikuja Jumamosi asubuhi akipiga mluzi. Majibu yalipotoka daktari aliitwa, akaja bila suti. Alisoma, akasoma tena.

"Imepanda kwa usiku mmoja kama ilivyopaswa kupanda kwa siku kadhaa," akasema. "Nani alimnyima maji?"

"Si mlisema chumvi imepungua?" wifi akamjibu. "Si imerudi? Mshukuru Mungu."

Daktari aliikunja ile karatasi ya majibu. Hakunitazama. Alinipa maji kwa mkono wake mwenyewe, vikombe na vikombe, akaniwekea na drip, lakini alikuwa anafanya hivyo kama mtu anayezima moto kwenye nyumba iliyokwisha anguka. Angekuwepo Ijumaa tungeongea mengine.

Ubaya ni kwamba nilipona. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo kila mtu alivyosema. Nikarudi nyumbani miguu imenywea, nikiongea vizuri, nikapanga hata kuingia kwenye chai wiki inayofuata. Jumatano wamama wakaja kwetu kwa ibada ya shukrani. Wifi akasimama kutoa ushuhuda: vile alivyolala kwenye kiti, vile nilivyomsumbua na uwongo wa eti daktari amesema ninywe, vile supu ilivyoirudisha chumvi. "Kama ningemsikiliza," akasema, "leo tungekuwa tunamzika." Haleluya zikapaa mpaka ng'ombe wakashtuka. Nilitaka kusema, hapana, nilikuwa nasema kweli. Nilifungua mdomo na hakuna kilichotoka. Kijiko kikaniponyoka mkononi. Wao wakadhani nimezidiwa na Roho, wakaimba kwa sauti zaidi.

Kufikia mwisho wa wiki hiyo sikuweza kuinua kidole. Nilikuwa nasikia kila kitu na kuelewa kila kitu, nimelala kama gogo. Daktari mwingine, wa hospitali kubwa, alimweleza mume wangu kwamba chumvi ikipanda mbio, nyaya za ubongo hubambuka maganda, na zikibambuka hakuna wa kuzivika tena. Kidogo kimerudi: hatua chache kwa fimbo, herufi hizi. Amesema nisingoje zaidi ya hapa. Chai yangu inachunwa na vibarua, wanachuna vibaya, wanavunja matawi. Mimi nawatazama kutoka mlangoni.

Na maji siwezi tena. Koo halijui kuyashika, yanakimbilia kwenye mapafu, nakohoa mpaka nageuka rangi. Yanakorogwa unga kwanza yawe mazito kama uji wa mtoto, ndipo nipewe kwa kijiko. Wifi huja kutoka Karurumo na ndizi zake, hukaa kando yangu, hunipanguza kidevu. "Polepole, mama," huniambia. Yeye bado ndiye mdomo wangu. Wageni wakiuliza nimeamkaje, anawajibu. Mume wangu huwa amesimama karibu na mlango na kikombe chake cha maji, anasahau kukinywa akiniona namtazama, kisha anatoka nacho nje.

Sipigi kelele. Nikipiga watasema ndiyo mama. Kiu bado naisikia, kila siku, ile ile ya Ijumaa.