Mahali pa Kuweka Dungu

Kila ninapojikuta nyuma ya pikapu iliyosheheni majani ya mbuzi, hapa Nizwa, Oman, hushusha kioo cha gari. Ni yale majani mabichi ambayo Waarabu huyaita gatt. Harufu yake hunirudisha shambani kwa babu yangu, kule Adam, ukingoni mwa jangwa, siku tuliyotafuta mahali pa kuweka dungu. Naipenda harufu ile, na huniuma.

Dungu, kwa msiolijua, ni jukwaa la miti juu ya nguzo nne, ambalo mtu hukaa akalinda mazao yake. Babu Nasor alizaliwa Pemba, na ujanani mwake alikaa sana dunguni, akilinda mpunga na kuwinda paa. Alipohamia Oman alifanya kazi miaka mingi hata akapata kishamba chake mwenyewe. Basi swala nao wakaanza kutoka jangwani alfajiri kuja kula majani yake. Kuwapiga risasi ni marufuku, akaona awafukuze kwa mtindo wa kwao: akae juu dunguni, na mkononi awe na kamba ndefu iliyofungwa makopo matupu ya maziwa. Mama, aliyezaliwa huku huku, alisema baba yake amerudi utotoni.

Mimi nilikuwa na miaka tisa, nikafanywa macho yake. Yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na magoti yake hayakutaka kupanda ngazi ovyo ovyo.

"Haya, mke wangu, panda," alinitania, kama mababu wa kwetu wanavyowatania wajukuu wa kike. Nikishafika juu aliuliza mambo mawili. Kwanza, "Unaona wanapopita swala?" Kisha kwa sauti ya chini, "Na ua wa mtu je, unaonekana?"

Mahali pa kwanza matawi yalinizuia. Pa pili, karibu na tangi la maji, babu alirusha vumbi kidogo akaona upepo unaelekea jangwani. "Watatunusa kabla hatujawaona," akasema, akabeba ngazi yake. Pa tatu palikuwa kona ya mashariki. Kutoka pale niliona nyayo za swala mchangani, nyingi, zimekatiza mpaka kwenye majani. Chini yangu, ng'ambo ya ukuta, niliuona ua mzima wa jirani yetu, na uani nikamwona Shamsa.

Shamsa alikuwa rafiki yangu, amenizidi miaka mitatu. Miezi ile walikuwa hawamtoi tena nje. Ameshakuwa mkubwa, waliniambia, kana kwamba ukubwa ni ugonjwa. Alikuwa amekaa juu ya mkeka anachana nywele. Aliinua uso, akaniona, akanipungia kitana.

"Unaona wanapopita swala?"

"Naona."

"Na ua wa mtu?"

"Hauonekani, babu. Ukuta mtupu."

Akalijenga dungu pale pale. Kila Ijumaa, baada ya sala ya alfajiri, alikaa juu na chupa yake ya chai, akivuta kamba. Swala waliruka wiki ya kwanza. Wiki ya pili waliinua vichwa tu, wakaendelea kula. Jua likishapanda, babu akishuka kwenda kwa mbuzi, nilipanda mimi, na Shamsa akija uani tulizungumza kwa mikono. Sidhani kama niliwahi kuwa na furaha kama ile.

Ijumaa ya nne jirani alikuja, na mwanawe mkubwa. Nilipeleka tende. Waliulizana hali, wakanywa kahawa, na baada ya kutikisa kikombe chake, ishara kwamba ametosheka, mzee yule akasema kwa Kiarabu, taratibu, "Ami Nasor, lile jukwaa lako linawaona wanawake wetu."

Mwanawe hakuweza kunyamaza. "Ndio hawa Wazinjibari. Hawana haya."

Baba yake alimkata jicho, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Babu aliweka kikombe chake chini. Mimi nimesimama na sinia. Ilitosha kusema "ni mimi", na ulimi wangu haukunyanyuka. Babu alinitazama mara moja tu.

"Kosa ni langu," akasema. "Macho yangu mabovu, na sikumuuliza mtu. Nisameheni."

Alilivunja siku ile ile, peke yake, kwa magoti yale. Niliokota misumari nikilia, nikiomba moyoni anipige. Alichosema ni nipe nyundo, basi.

Nilikuwa mkubwa nilipofahamu kwamba babu aliishi nchi hii miaka yote ile, akifunga kilemba sawasawa na kupima kila neno, ili asije kuambiwa neno lile. Akaambiwa ndani ya majlis yake, chumba chake mwenyewe cha wageni.

Hakunigusia jambo lile mpaka anafariki. Macho yalipofunga kabisa, mimi ndiye niliyemshika mkono kumtembeza shambani. Nilimwambia, "Hapa pana jiwe, babu, hapa pana mfereji, hapa pako sawa." Alisema ahsante, mke wangu, kisha akagusa kwanza kwa fimbo ndipo akakanyaga. Nilidhani ndivyo walivyo vipofu. Mpaka siku moja, nikiwa mlangoni, nikamwona anatembezwa na mdogo wangu Zuwena, naye ana miaka saba, njia ile ile ya mfereji. Fimbo ilikuwa kwapani.